UZI: Prosesa ya viini vinne kwenye laptopu, kutoka wati 45 hadi 15 (na hizi i7 za Kariakoo)

#1 fundi_lehemu

Habari za humu wakuu.

Haipiti wiki bila mtu kuniletea laptopu mezani hapa Kariakoo: "Fundi, hii ni i7, mbona nzito hivi?" Naigeuza, naiwasha, nakuta i7-7500U. Hiyo ina viini viwili (cores, zile sehemu za prosesa zinazopiga kazi yenyewe). Pembeni kakaa mteja mwingine na i5-8250U aliyoinunua kwa hela ndogo zaidi, na ile ina viini vinne. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, naweka uzi.

Hoja yangu ni hii: laptopu haikuchelewa kupata viini vinne eti kwa sababu watu hawakujua kuvitengeneza. Ilichelewa kwa sababu hakukuwa na pa kulipeleka joto. Ukiifuata hii habari kwa kuangalia wati (umeme ambao chipu inakula na kuugeuza joto) badala ya majina ya i3, i5, i7, kila kitu kinakaa mahali pake.

Tuanze nyuma kidogo. Hadi kufikia 2004 hivi Intel walikuwa wanapandisha kasi tu, gigahezi 2, 3, hadi 3.8. Pentium 4 za mwisho zilikuwa zinachemka kweli kweli. Mei 2004 wakaachana na Tejas, prosesa iliyokuwa inaandaliwa kuzirithi, nguvu zikahamia kwenye viini vingi. Sababu ni fizikia tu. Umeme unaoliwa na chipu unapanda sambamba na kasi, halafu unazidishwa na mraba wa volteji. Na ukitaka kasi ya juu lazima uongeze na volteji, kwa hiyo unalipa pande zote mbili. Kinyume chake nacho ni kweli: punguza kasi kidogo, volteji inashuka nayo, wati zinaporomoka kuliko ulivyopunguza kasi. Ndiyo maana viini vinne vya taratibu vinaweza kupiga kazi kubwa kuliko viwili vyenye mbio, kwa wati zilezile. Sharti moja tu, kazi yenyewe iwe inagawanyika.

Kompyuta za mezani zilipata viini vinne Novemba 2006, Core 2 Extreme QX6700. Kuna waliochukua prosesa za mezani wakazishindilia kwenye laptopu nene, hizo siziweki kwenye hesabu. Iliyotengenezwa kwa ajili ya laptopu ilitoka Agosti 2008: Core 2 Extreme QX9300, gigahezi 2.53, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu) MB 12, nanomita 45 (kipimo cha teknolojia ya kuitengeneza, ndogo ndiyo mpya), wati 45. Kumbuka Core 2 Duo za kawaida kipindi hicho zilikuwa wati 35, na zile za herufi P wati 25.

Sasa ndani yake. Haikuwa chipu moja. Ni vipande viwili vya viini viwiliviwili vilivyokalishwa kwenye kibao kimoja. Kiini cha kipande hiki kikitaka data iliyoko kipande cha pili, ujumbe unatoka nje kabisa, unapita kwenye njia ileile inayokwenda kwenye RAM, ndipo unaingia upande wa pili. Foleni ya Ubungo ya kabla ya daraja. Na bei yake? Zaidi ya dola 1,000, prosesa peke yake. Ilikaa kwenye mashine kama ThinkPad W700, inchi 17, karibu kilo 4. Kabebe hiyo kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni uone.

Mteja kaingia, naendelea baadaye.

#2 kisiki_cha_mpingo

Siti ya mbele. Usije ukawa kama wale wa "nitarudi" halafu tunakukuta uzi mwingine unabishana Simba na Yanga.

#3 dalali_aggrey

Mkuu unatuharibia biashara 😂 i7 ni i7 tu. Mteja akiona stika ya i7 roho inatulia, wewe unamletea habari za wati.

#4 fundi_lehemu

@dalali_aggrey roho inatulia siku mbili, ya tatu yuko mezani kwangu.

Tuendelee. Septemba 2009 Intel wakaja na kitu kingine kabisa, Core i7 za kwanza za laptopu: 720QM, 820QM na 920XM. Safari hii viini vyote vinne viko kwenye kipande kimoja cha silikoni, na kidhibiti cha RAM kimeingizwa humohumo ndani. Ile foleni ikaisha.

Ila nyie mngeiona 720QM dukani mngeicheka: gigahezi 1.6. Core 2 Duo ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 2.4, 2.5. Kwa nini mtu alipe zaidi apate kasi ndogo? Jibu ni Turbo Boost, na kwangu mimi hapa ndipo viini vinne vilipoanza kuwa na maana kwenye laptopu. Chipu inajipima yenyewe, umeme na joto. Kama programu inatumia kiini kimoja tu, vile vitatu vinakatiwa umeme karibu kabisa, na ile nafasi ya joto iliyobaki anapewa anayefanya kazi. 720QM kiini kimoja kikiwa kazini inafika gigahezi 2.8. Viwili, 2.4. Vyote vinne, 1.73. Wati ni zilezile 45, ni ugawaji tu.

Kabla ya hapo ulikuwa unachagua: viwili vyenye mbio au vinne vya pole. Turbo ndiyo iliyoondoa kuchagua.

Betri ilikuwa vilio lakini. Hazikuwa na grafiksi ndani, kwa hiyo kila mashine lazima iwe na kadi ya grafiksi pembeni, nayo inakula. Iliyorudisha heshima ni familia ya prosesa za Intel ya Januari 2011, Sandy Bridge. i7-2630QM: nanomita 32, gigahezi 2.0 ikipanda hadi 2.9, grafiksi imeingizwa ndani ya chipu, viini na grafiksi vinagawana kashe moja. Wati 45 zilezile ila kazi imeongezeka sana. Mpaka leo naziona hizi zinadunda Kariakoo, umri wa mtoto wa sekondari.

Na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mwaka huohuo ilikuwepo i7-2620M. Herufi moja tu imepungua, ile Q. Hiyo ya M ina viini viwili. Stika ni ileile ya i7, bei wanakutajia ileile.

#5 kijana_wa_DIT

Mkuu heshima kwako. Swali: mimi nina i5-2520M, mashine ya zamani ila nzima. Naweza kuitoa nikaweka hiyo 2630QM? Nimeona mtu mtandaoni anafanya.

#6 fundi_lehemu

Inawezekana kwa baadhi, zile za M na QM za kipindi hicho zilikaa kwenye soketi, bisibisi tu unazungusha inatoka. Mambo mawili uangalie kabla ya kutoa hela. Moja, BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) iwe inaitambua, kama kampuni iliwahi kuuza modeli hiyohiyo ikiwa na viini vinne basi uko salama. Mbili, kipoza joto. Hiyo yako ni wati 35, unaingiza 45. Mrija wa shaba ukiwa mmoja mwembamba, mashine itachemka, itajipunguza kasi, utajikuta umenunua viini vinne vinavyotembea kama viwili. Baadaye zikaja za HQ, hizo zimelehemewa kwenye bodi. Hizo usiguse.

#7 binti_wa_sinza

Kaka fundi, mimi nahariri video za harusi na send-off, na klipu za wasanii wachanga wa huku Sinza. Nina mashine ya viini viwili, nikiweka kutoa video nalala naamka bado. Wakati huo nikifungua Excel ya mahesabu naona sawa tu na ya dada yangu yenye viini vinne. Mbona faida inaonekana kwa kazi moja na nyingine haionekani?

#8 fundi_lehemu

Dada yangu umeuliza swali zuri kuliko yote. Kuna bwana anaitwa Gene Amdahl, alilisema hili mwaka 1967, kabla hata laptopu hazijaota. Kazi yoyote ina sehemu inayogawanyika na sehemu isiyogawanyika. Ile isiyogawanyika ndiyo inayokufunga. Tuseme nusu ya kazi haigawanyiki. Ukitoka kiini kimoja kwenda vinne, ile nusu nyingine inakuwa robo ya muda wake, lakini nusu ya kwanza iko palepale. Jumla unapata mara 1.6 tu. Uweke hata viini mia, hutafikisha mara mbili.

Kutoa video kunagawanyika vizuri sana, kipande hiki kiini hiki, kipande kile kiini kile. Excel ya kawaida sehemu kubwa inasubiri wewe ubonyeze.

Kwa kazi yako kuna jambo la ziada. Tangu Sandy Bridge, ile grafiksi ya ndani ina kifaa chake maalumu cha kubana video, wanakiita Quick Sync. Kama programu yako inaruhusu, kakiwashe kwenye mipangilio ya kutoa video. Ubora unaweza kupungua kidogo ukilinganisha na kutumia viini vyenyewe, kwa klipu ya kwenda WhatsApp hakuna atakayeona.

#9 mhandisi_mstaafu_tandika

Vijana, mbona historia yote ni Intel? AMD hamuwajui?

#10 fundi_lehemu

Shikamoo mzee. Nilikuwa naelekea huko.

AMD kwenye mezani walikuwa na Phenom mwishoni mwa 2007, viini vinne kwenye kipande kimoja kabla Intel hawajafanya hivyo mezani. Kwenye laptopu wakachelewa hadi Mei 2010, Phenom II P920, gigahezi 1.6, wati 25. Wati nzuri, lakini haikuwa na turbo, kwa hiyo ukiwa na programu ya kiini kimoja umekwama kwenye 1.6 yako. 2011 wakaleta A8-3500M, viini vinne na grafiksi ya Radeon ndani, wati 35. Kwa gemu za bei nafuu ilikuwa tamu, kwa kazi nyingine Intel walikuwa mbele. Miaka iliyofuata wakapotea kabisa.

Na kupotea kwao ndiko kulikotuumiza. Angalieni: kuanzia 2011 laptopu nyembamba zikaanza kushika soko. Prosesa zake, zilizopewa herufi U kuanzia 2012, ni wati 17 mwanzoni, kisha 15 kuanzia 2013. Zote viini viwili. i5 viwili, i7 viwili. Miaka sita mfululizo! Nanomita zimetoka 32 zimekwenda 22 hadi 14, viini ni vilevile. Anayetaka vinne aende kwenye QM na HQ, nyingi za wati 45 hivi, mashine nene. Hata Apple, MacBook Pro ya inchi 15 ilipata viini vinne mapema 2011, ile ya inchi 13 ikasubiri hadi 2018.

Halafu Machi 2017 AMD wakatoa Ryzen za mezani, wakawa hai tena. Agosti mwaka huohuo Intel nao wakatoa kizazi cha nane cha U (kizazi unakisoma kwenye namba ya kwanza baada ya i5 au i7): i5-8250U na i7-8550U. Viini vinne, wati 15. Sema bahati. Oktoba AMD wakajibu na Ryzen 5 2500U na Ryzen 7 2700U, nazo vinne, nazo 15. Mimi sitaki kusikia kwamba kabla ya hapo haikuwezekana kabisa, teknolojia ilikuwa ni ileile ya nanomita 14, wameiboresha tu. Ushindani ulirudi, basi.

#11 dalali_aggrey

Haya sasa nikupinge kwa namba. i5-7200U ni gigahezi 2.5. Hiyo 8250U unayoisifia ni 1.6. Mteja anayejua kusoma atachukua ipi?

#12 fundi_lehemu

Atachukua 8250U kama anasoma mstari wote. 2.5 na 1.6 ni kasi ya chini wanayokuhakikishia pale viini vyote vinapobanwa kwa muda mrefu. Ya juu, 7200U inaishia 3.1, 8250U inafika 3.4. Kashe 3 kwa 6. Kwa hiyo hata kwa kazi ya kiini kimoja ile ya "1.6" iko mbele, na kwa kazi ya kugawana haina mpinzani.

Ila nikutendee haki. Hizo wati 15 za U zina ujanja ndani yake. Mwanzoni mwa kazi chipu inaruhusiwa kuvuka 15 kwa muda mfupi, kama nusu dakika hivi, kasi inaruka juu. Baada ya hapo inarudishwa kwenye 15 na kasi inashuka. Kufungua programu, kurasa za intaneti, kutafuta kitu kwenye Excel kubwa, vyote vinamalizika ndani ya hiyo nusu dakika, mtu anaona mashine ina mbio. Dada wa Sinza akiweka harusi ya saa mbili, itakimbia nusu dakika kisha itatembea. Dada, wewe tafuta herufi H, i5-8300H kwa mfano, ya 2018: viini vinne, wati 45. Itakuwa nzito kuibeba na feni utaisikia, lakini haikati pumzi katikati.

#13 mhasibu_posta

Mimi nimenunua ThinkPad T480 majuzi, muuzaji kaniambia "kizazi cha nane hiyo boss". Nahakikishaje?

#14 fundi_lehemu

Bonyeza Windows + R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Tafuta mstari wa Processor. Mwishoni utaona namba ya Core (viini) na namba ya Logical Processor (hapa kila kiini kinahesabiwa mara mbili). Unataka 4 na 8.

#15 mhasibu_posta

Imeandika i5-7300U, 2 Core, 4 Logical.

#16 kisiki_cha_mpingo

Pole sana ndugu yangu 😬

#17 fundi_lehemu

T480 iliuzwa na prosesa za vizazi viwili, kuna za 7300U na kuna za 8250U, 8350U kwenda juu. Ganda ni lilelile, huwezi kujua kwa kuiangalia. Na prosesa imelehemewa, usidanganywe na mtu atakayekwambia atakubadilishia viini. Kama una risiti na siku za waranti hazijaisha, rudi dukani na hiyo picha ya msinfo32, omba ubadilishiwe au urudishiwe tofauti ya bei. Usiende kwa hasira, nenda na picha.

#18 mhandisi_mstaafu_tandika

Fundi, yangu kila ikiwaka inaniambia haifai kwa Windows 11. Ina viini vinne, i7-4700MQ. Viini vinne bado haitoshi?

#19 fundi_lehemu

Mzee, tatizo si viini, Microsoft wamechora mstari kwenye kizazi. Upande wa Intel orodha yao inaanzia cha nane, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Yako ni ya nne, ya 2013. Na msaada wa Windows 10 wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yako ina nguvu bado, ningekushauri Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, njoo nikuwekee, kama kazi yako ni barua pepe, nyaraka na YouTube hutajuta.

Na kwa wanaopenda AMD: Ryzen 5 2500U ina viini vinne lakini haimo kwenye orodha ya Windows 11. 3500U imo. Zinafanana sana kwa macho, msome namba vizuri.

#20 kijana_wa_DIT

Kuna hizi mpya kabisa kwenye boksi, Celeron N4120, zimeandikwa Quad Core kubwa nje. Bei chee. Hizi nazo mnasemaje?

#21 fundi_lehemu

Kweli ni vinne. Ila ni vya familia nyingine, vile vidogo vya kubana umeme, wati 6. Kiini kimoja cha hizo hakifui dafu mbele ya kiini kimoja cha i5-7200U ya viini viwili. Kuandika notsi na kusoma PDF sawa. Ukifungua programu nzito kama Android Studio au AutoCAD utanitafuta. Na nyingi zina RAM ya kulehemewa, GB 4, huongezi. Kwa hela hiyohiyo bora i5 ya kizazi cha nane iliyotumika, mradi betri uikague.

#22 binti_wa_sinza

Nimepata hiyo 8300H kwa mtu Makumbusho, imetumika. Nimeijaribu, dakika tano feni inapiga kelele na kasi inashuka hadi chini ya gigahezi 2. Ndiyo kukata pumzi kwenyewe au?

#23 fundi_lehemu

Hapana, hiyo imeziba. Wati 45 zinataka hewa ipite. Makaratasi ya kampuni yanapima kwenye chumba chenye baridi, wewe uko Sinza chumba nyuzi 32, na joto linatoka kutegemea tofauti kati ya shaba na hewa. Hapo umeshaanza na pungufu. Ongeza vumbi. Nikifungua mashine za huku, kati ya feni na zile mbavu nyembamba za shaba nakuta tabaka limesokotana, nywele, nyuzi za zulia, vumbi la barabarani, unalivua zima kwa kibano. Upande wa pili hewa haipiti kabisa. Na ile pesti kati ya chipu na shaba imekauka, ukiisugua inatoka unga.

Angalia joto kwa HWiNFO ukiwa unatoa video. Ikigonga 95 hadi 100 na kasi inashuka, ni hilo. Mwambie muuzaji akupunguzie ya usafi, halafu ilete.

#24 binti_wa_sinza

Imegonga 98. Kapunguza elfu thelathini. Kesho unafungua saa ngapi?

#25 fundi_lehemu

Saa tatu. Njoo na chaja yake yenyewe, ukija na ya kuazima yenye wati ndogo itajipunguza kasi na hatutajua tatizo ni lipi.